Mwisho Alioutunga Happiness

Basi la asubuhi kutoka Newala liliingia stendi ya Masasi saa nne kasoro, na abiria wa kwanza kushuka alikuwa mwanamke aliyejishika ubavu kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeumia mbavu. Hakuwa ameumia. Chuma cha kiti kilikuwa kimelinasa gauni lake la kitenge, la zambarau lenye maua ya manjano, kikalichana kutoka kwapani hadi karibu na kiuno. Alisimama katikati ya wauza korosho na madereva wa bodaboda waliokuwa wakimgombania, akauliza swali moja tu: fundi cherehani wa karibu yuko wapi.

Walimwonyesha baraza lenye vyerehani viwili. Kwenye cha kwanza alikaa Fakihi, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikono imesimama, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kwenye cha pili alikaa Happiness, msichana wa Lupaso aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

"Habari za kazi, fundi."

"Salama, dada. Karibu."

"Kiti cha basi kimenichania gauni, na saa tano nina kikao ofisi za elimu. Sijui utanisaidiaje."

Fakihi aliutazama mchano mara moja. "Happiness atakupa khanga, ulivue kule nyuma ya pazia. Robo saa unaondoka."

Mwanamke alitoka amejifunga khanga, akaketi kwenye benchi, akaiona riwaya iliyolazwa kifudifudi kando ya cherehani. Akaichukua.

"Usinipotezee ukurasa," Fakihi alisema bila kuinua kichwa.

"Uko mia na themanini. Bado hajafa."

Mguu wa Fakihi ulisimama kwenye pedali. "Nani bado hajafa?"

Mwanamke aliziba mdomo kwa kiganja. "Samahani. Nilidhani unairudia."

"Dada, umeniulia mtu asubuhi yote hii."

"Amekufa kwa homa," alisema, akijitahidi asicheke. "Lakini mimi nasema mwandishi kamwua makusudi. Yule binti alikuwa ameanza kusema anachotaka, na mwandishi hakujua amfanyeje mtu wa namna hiyo. Homa ikawa njia rahisi."

"Mimi nilishamshuku mwandishi tangu mwanzo," Fakihi alisema, na mguu ukaanza tena kazi. "Binti ana gauni moja la bluu. Kalifulia mtoni, kalilalia, kakimbia nalo porini siku mbili, na halijaachia hata pindo. Mtu asiyejali nguo ya binti hawezi kumjali binti mwenyewe."

Mwanamke aliirudisha riwaya kifudifudi kama alivyoikuta. Jina lake lilikuwa Stamili, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huko Newala, na katika miaka kumi na moja ya kufundisha fasihi hakuwahi kusikia mtu akiulizia pindo la gauni. Aliondoka na gauni lililoshonwa hata mshono hauonekani, baada ya kumwachia fundi namba yake ya simu. Jioni baada ya sala ya magharibi simu yake iliita.

"Umenidanganya, Mwalimu," sauti ya Fakihi ilisema. "Homa yenyewe haikuwa kali. Nimeisoma mara mbili. Yule alikuwa anapona."

Hapo ndipo yalipoanza.

Miezi minane vitabu vilipanda na kushuka mlima wa Newala kwa mabasi, vimefungwa kwa magazeti, Stamili akituma kimoja na Fakihi akirudisha kingine. Kila jioni walipigiana simu. Walizungumza juu ya mkuu wa stesheni katika riwaya moja, aliyefukuzwa kazi na akamficha mkewe miaka saba, kila asubuhi akitoka na sare kama anakwenda kazini.

"Mwongo tu huyo," Stamili alisema. "Anajipenda."

"Si mwongo wa kawaida. Sare ile anapigiwa pasi na mkewe. Kila siku anaona mke anavyoinyoosha kola. Ungeivua wewe?"

"Ningeivua siku ya kwanza, mpenzi. Ningemwambia, mke wangu, kaa nikwambie."

"Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kupigiwa pasi."

"Njoo Newala basi uje unipigie."

Alikwenda, Jumapili nyingi. Stamili alikuwa ameachika Tandahimba baada ya ndoa ya miaka sita. Mke wa Fakihi aliondoka zamani kwenda Mtwara na hakurudi. Walikuwa watu wazima waliojua kukaa kimya pamoja. Walitembea hadi Shimo la Mungu, mahali ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana kote chini, na upepo wa huko ulikuwa wa baridi hata Stamili akajifunika koti la Fakihi. Siku moja wakiwa wameketi pale Stamili alimwegemea bega akasema, "Wewe darasa la saba, mimi chuo. Wewe Masasi, mimi Newala. Kama si vitabu, mimi na wewe tungekutania wapi? Ungenishonea gauni, ningekushukuru, basi."

Alilisema kwa mapenzi. Fakihi aliondoka nalo kwa namna nyingine. Ndani ya gari la kurudi alilirudia moyoni, na akajikuta anavishukuru vitabu kama mtu anavyomshukuru mshenga.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, kabla ya adhuhuri, alikuwa amemaliza kushona mfuko wa suruali akaichukua riwaya mpya aliyotumiwa na Stamili. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri. Akaifungua mahali alipoishia. Karatasi ilikuwa imejaa alama asizozijua. Aliifuta miwani kwa pindo la shati. Akaangalia tena. Weusi wa wino aliuona, mistari aliiona, hata doa la chai pembeni aliliona, lakini hapakuwa na neno hata moja. Akainua macho kwenye mabasi. Kioo cha mbele cha kila basi kilikuwa na maandishi makubwa, na yote yalikuwa kama miguu ya kuku kwenye mchanga.

"Happiness," aliita polepole. "Basi lile limeandikwa nini?"

"Lipi, kaka? Lile pale? Newala." Akamtazama vizuri. "Kaka Fakihi, mdomo wako umekaa upande."

Hospitalini walimlaza siku tatu. Daktari alikuwa mtu mpole na alimweleza taratibu. Presha ilipanda, akapata kiharusi kidogo. Mdomo utarudi, mkono hauna shida, macho ni mazima. Lakini sehemu ya ubongo inayotambua maandishi imeumia.

"Itarudi?"

"Huenda kidogo. Huenda isirudi. Sitaki kukudanganya."

Daktari akampa kalamu na karatasi, akamwambia aandike jina lake. Fakihi aliandika bila taabu, Fakihi Hamudi, mwandiko wake uleule wa kulala kulia. Daktari akaigeuza karatasi kidogo, akaongea naye dakika chache juu ya chumvi na dawa, kisha akamwonyesha ile karatasi tena. "Hapa pameandikwa nini?"

Fakihi aliangalia kwa muda mrefu. Alijua ni mkono wake. "Sijui," alisema, na akalia mbele ya mtu asiyemfahamu kwa mara ya kwanza tangu amzike mama yake.

Kwa Stamili, Fakihi alisema ni malaria. Alimwambia pia kioo cha simu kimeharibika, ujumbe hausomeki, awe anapiga tu. Namba yake vidole vilikuwa vinaijua vyenyewe. Kila alipotaka kumwambia ukweli aliona Shimo la Mungu na lile swali, tungekutania wapi, na jibu alikuwa nalo: popote walipokuwa wakikutania pameshabomoka. Angebaki fundi wa barazani ambaye mwalimu alimwonea huruma. Alimfikiria akija kumtembelea mara mbili, mara tatu, kisha mara moja kwa mwezi, kisha akituma salamu. Afadhali asijue.

"Umefika wapi na kile kitabu, fundi wangu?" Stamili aliuliza kila jioni.

"Nakwenda nacho polepole."

"Wewe? Polepole?"

Ndipo alipomgeukia Happiness. Msichana alikuwa anajua tayari, maana ndiye aliyekuwa akimsomea vipimo vya wateja kwenye daftari. Akamwomba amsomee riwaya saa za mchana wateja wakipungua, kule nyuma ya pazia. Akamwapisha asimwambie mtu. Happiness aliapa kwa jina la mama yake. Hakuwa msomaji, alisoma mbiombio, majina ya watu aliyatamka kwa lafudhi ya Kimakua ya kwao, na maelezo ya milima na mvua aliyaruka akidhani Fakihi hatambui. Fakihi alifumba macho akasikiliza. Ilikuwa kama kula chakula kilichotafunwa na mwingine, lakini alikuwa na njaa.

Riwaya ilihusu mwanamke anayemfuata mumewe aliyekwenda machimboni na kunyamaza miaka minne. Anasafiri siku tatu, analala vituoni, mwisho anaifikia nyumba anayoambiwa ndiyo yake. Anasikia sauti ya mtoto ndani. Happiness alifika ukurasa wa mwisho mchana mmoja wa joto. Alimtazama Fakihi alivyofumba macho, kisha akasoma kwamba mwanamke alibisha mlango, mume akatoka, akaanguka miguuni pake akilia. Mtoto kumbe alikuwa wa jirani. Wakarudi nyumbani wote wawili.

Fakihi alifuta machozi kwa kitambaa cha suruali ya mtu. Tangu Jumanne ile hakuwa amefurahi hivyo. Jioni hakungoja magharibi.

"Nimekimaliza, Stami. Ule mlango umenimaliza. Mtu ametembea siku tatu, nguo zimechakaa, anajua ndani huenda mna mwanamke mwenye nguo safi, na bado anabisha. Ujasiri ule mimi sina. Na yule bwana alivyoanguka..."

Upande wa pili palikuwa kimya.

"Stami?"

"Mlango gani aliobisha?"

"Wa mumewe. Pale mwisho."

"Hakubisha mlango, Fakihi."

Nyuma ya Fakihi, Happiness alitoka akining'iniza funguo. "Kaka Fakihi, nimeshafunga kule ndani, twende?"

"Nani huyo?" Stamili aliuliza.

"Happiness."

"Sawa," alisema, na simu ikakatika.

Siku tatu zilizofuata alipokea simu zake, lakini aliongea kama mtu anayejibu mkaguzi. Jumamosi mchana Fakihi alikuwa nyuma ya pazia, kichwa kimeegemea ukuta, macho amefumba. Happiness alikuwa karibu naye, kitabu kingine mapajani, anasoma kwa sauti ya chini kwa sababu barazani palikuwa na watu. Mahali penye msiba sauti ilimkwama, na Fakihi akampigapiga begani amalizie. Alipofumbua macho pazia lilikuwa linayumba na upepo haukuwepo.

"Mwalimu wako kapita hapa," muuza korosho wa jirani alimwambia alipotoka. "Kafungua pazia, kafunga, kaondoka. Hata maji hajanywa."

Alikimbia hadi kwenye mabasi. Akasimama katikati yake akigeuka huku na huku, maandishi yote yakimtazama, hajui lipi ni lipi. Lile la Newala likatoka mbele ya macho yake akalitambua kwa dereva tu. Akapiga simu.

"Stami, ulichokiona sicho."

"Basi niambie ni nini." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha. "Nimekaa kwenye kiti, nasikiliza. Niambie chochote, nitakiamini."

Lilikuwa neno moja tu. Sisomi. Fakihi alilifikisha hadi kwenye meno. Kisha akamfikiria anavyolipokea, anavyonyamaza, anavyosema pole kwa sauti ile ya walimu.

"Ni kazi tu," alisema.

"Kazi," Stamili alirudia. "Usinipigie tena, Fakihi. Nakuomba."

Na kweli, tangu siku hiyo namba yake haikupatikana.

Wiki ile hakula vizuri, dawa alizisahau, shati likaonekana barazani bila pasi. Alikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Jumapili alichukua daftari akaandika barua. Mkono ulikwenda bila kusita, ila akiinua kalamu hakujua tena alipoishia. Alihisi kwa kidole mahali karatasi ilipobonyezwa akaendelea hapo. Alipomaliza hakuweza kuirudia aone kama inaeleweka. Hakutaka Happiness aione. Akaifunga kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi la Newala anayemfahamu. Mle ndani alikuwa amesema yote, na alikuwa amemwambia asipojibu ataelewa.

Wiki tatu zilipita. Akaelewa.

"Kaka," Happiness alimwambia mchana mmoja, vyerehani vyote viwili vimenyamaza, "kuna kitu nimekukosea. Kile kitabu cha yule dada wa machimboni, mwisho wake niliutunga mimi."

Fakihi aliuweka mkasi chini.

"Kwenye kitabu hakubisha. Aliinua mkono, akasikia mtoto, akaushusha, akarudi zake. Nilikuangalia ulivyokuwa umefumba macho, nikashindwa. Nilikuonea huruma. Sikujua kama mwalimu naye kakisoma."

"Aliurudisha mkono?"

"Ndiyo."

Fakihi hakumgombeza. Hadi adhana ya alasiri alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akamwomba ampigie pasi shati jeupe.

Asubuhi alikwenda stendi. Basi la asubuhi la Newala siku zote lilikuwa la bluu, na la bluu lilikuwepo, injini inanguruma. Alipanda, akakaa dirishani, akafumba macho, akawa anapanga maneno. Kondakta alipomgusa bega walikuwa wameuacha mji nyuma.

"Newala," Fakihi alisema.

"Newala? Mzee, hili linakwenda Nachingwea. Hukusoma pale mbele?"

Abiria wawili watatu waligeuka. Alishushwa Lukuledi, mbele ya misheni, na vumbi la basi likamtua kwenye shati. Wanafunzi walipita, akina mama walipita na mihogo, na mbele yake palikuwa na kibao kikubwa cha rangi nyeupe kilichoandikwa kitu. Alifikiri kurudi nyumbani, afunge duka, aende kwa ndugu zake shambani akaokote korosho ambako hakuna wa kumuuliza kitu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na amepotea mwendo wa saa moja kutoka kwake.

Gari dogo la kurudi Masasi lilipopunguza mwendo aliinua mkono. Kijana wa mlangoni akauliza anakwenda wapi.

"Newala," alisema. "Ndugu yangu, mimi sijui kusoma. Nilijua, nikaugua. Tukifika stendi nakuomba unishike mkono hadi kwenye gari lenyewe, nisikosee tena."

Kijana hakucheka. Alisema, "Panda, mzee, hilo dogo," na walipofika alimpeleka hadi kwenye siti. Fakihi alikaa, akashangaa kwamba kulitamka neno hakukumuua.

Nyumbani kwa Stamili mama yake, Bi Somoe, alikuwa uani anamenya ming'oko, viazi vya porini. Fakihi alisimama mlangoni, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Bi Somoe alimpima kutoka viatu hadi kola. "Wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi, mama."

"Mwanangu siku hizi hali. Kaa hapo kwenye kigoda. Nitamwita. Akikataa kutoka usigombe hapa, majirani wana masikio."

Stamili alitoka amevaa dera la kijani, mtandio begani. Alikuwa amekonda. Alisimama mbali.

"Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

"Happiness hajambo?"

"Hajambo. Anaolewa Desemba na kijana wa kwao Lupaso. Stami, hakuna kitu kati yangu na yule mtoto."

Stamili aliingia ndani, akatoka na ile riwaya ya machimboni, ambayo Fakihi alikwisha kumrudishia kwa basi. "Mimi nikitaka kumjua mtu namjulia kwenye kitabu. Hiki ulisema umekimaliza. Fungua ukurasa wa mwisho, unisomee."

Fakihi alikishika kitabu. Uso ulimwiva. "Hata kama umenichoka, hili ni la kunifanyia? Unajua nilivyo, halafu unanipa kitabu mbele ya mama yako?"

"Najua nini?"

"Nilikuandikia yote."

"Barua yako sikuifungua," Stamili alisema. "Niliogopa ni ya kuniaga."

Stamili akaenda kuileta, bahasha ikiwa bado imefungwa, akamnyooshea. "Basi isome mwenyewe."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Sisomi, Stamili. Tangu mwezi wa saba. Nilipata kiharusi, maandishi yote yakanipotea. Kuandika naweza, lakini nikimaliza sijui nimeandika nini."

Bi Somoe aliacha kisu. Stamili aliichana bahasha taratibu. Mistari ilipanda na kushuka, mahali pengine mmoja umepita juu ya mwenzake. Alisoma kwa sauti, na Fakihi akayasikia maneno yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Stamili, mistari hii ikigombana unisamehe, siisomi. Yule unayemwona na Happiness ni mtu anayesomewa kama mgonjwa anavyolishwa uji. Uliniuliza kama si vitabu tungekutania wapi. Nimepatafuta hapo mahali kila siku tangu nilipougua, sijapaona. Kama na wewe hupaoni, usinijibu. Nitaelewa."

Stamili aliikunja barua mara nne.

"Kwa hiyo uliona nikijua nitaondoka."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima nimelia kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo, Fakihi. Nimejiangalia kwenye kioo nikajiuliza yule binti ana nini. Kumbe wewe uliona napenda karatasi tu, mtu hata simwoni." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hilo limeniuma kuliko hata angekuwa Happiness kweli."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Nenda sasa. Gari la mwisho linaondoka saa kumi. Sijasema usirudi. Nimesema nina hasira, na sitaki kukwambia neno ambalo kesho nitalijutia."

Akaondoka. Siku nane zilikuwa ndefu kuliko zile za hospitalini, maana hospitalini hakuwa na la kutegemea. Kila simu ilipoita aliiacha kazi. Jioni ya tisa ilikuwa sauti ya Stamili.

"Umekaa?" Stamili aliuliza bila salamu.

"Nimekaa."

"Sikiliza." Akamsomea ukurasa wa mwisho wa ile riwaya, kama ulivyoandikwa: mkono ulioinuliwa, sauti ya mtoto, mkono ulioshuka, njia ya kurudi. Alisoma bila haraka, hata mvua iliyonyesha njiani hakuiruka. Alipomaliza akakifunga kitabu. "Haya. Niambie umeonaje."

"Watu watasema aliondoka kwa sababu ya mtoto. Mimi sidhani. Ametoka na vumbi la siku tatu, kilemba kimelegea, kandambili moja imefungwa kamba. Hakutaka aonwe vile na mtu aliyemzoea msafi. Angependa mume abaki na ile sura ya zamani, hata kama kwa hiyo atamkosa yeye mzima."

"Huyo ni wewe."

"Ndiyo, Stami. Huyo ni mimi."

Stamili alilia, lakini hakuikata simu.

Toka hapo Stamili alishuka Masasi kila mwisho wa wiki. Haikuwa rahisi. Kuna siku Fakihi alitupa kitabu ukutani, kuna siku alikataa kuongea kabisa. Kusoma hakukurudi. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Stamili alimtazama akichora kwa chaki juu ya kitambaa, namna mkono ulivyojua pa kupinda bila jicho kufikiri, akamwekea kitabu mbele.

"Usiisome herufi. Ipitishie kidole kama unaichora."

Fakihi alipitisha kidole kwenye alama ya kwanza. Akarudia. "Hii ni M," alisema, akiwa haamini. Ya pili ilikuwa K. Neno moja lilimchukua dakika mbili na jasho jembamba, na alipolimaliza, mkate, aliinamisha kichwa juu ya cherehani akakaa hivyo. Jicho halikuijua herufi, mkono uliijua. Kwa njia hiyo angeweza kusoma labda nusu ukurasa kwa siku. Riwaya moja ingemchukua mwaka mzima.

"Mwaka si mwingi," Stamili alisema. "Lete kiganja."

Happiness alikuwa amekwenda Lupaso kwa maandalizi yake, barazani hapakuwa na mtu. Stamili alikishika kiganja cha Fakihi, akamwambia afumbe macho, akaandika kwa ncha ya kidole, taratibu, herufi nne.

"N," Fakihi alisema. "I. O." Akatabasamu. "Nione. Nakuona kila siku, Mwalimu."

"Usikisie. Wasomaji wazoefu ndiyo tabia yenu, mnakisia. Fuata herufi."

Akaandika tena. Fakihi alizifuata moja moja. Ya nne ilikuwa E, na baada yake hapakuwa na kitu. Alifumbua macho.

"Umeandika wewe, au nimekosea mimi?"

"Hujakosea."

"Stami, daktari kasema inaweza kutokea tena. Safari ijayo inaweza kuchukua mkono."

"Najua. Nilimuuliza mwenyewe. Sijaja hapa nikiwa sijui."

"Na mama?"

"Mama ndiye aliyeniuliza nangoja nini." Hakuwa ameachia kiganja. "Nijibu, Fakihi. Mimi nimeshabisha."

"Nitakuoa," alisema. "Ila hati ya ndoa nitaisoma mwenyewe. Nitachelewesha watu."

Ndoa ilifungwa Newala mwezi wa kwanza, asubuhi ya mvua. Fakihi alivaa kanzu aliyojishonea. Sheikh alipomsogezea hati na kalamu, bwana harusi aliiweka kalamu chini, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Wageni walikohoa, wakatazamana, mtu mmoja akataka kumsaidia na Bi Somoe akamnyamazisha kwa jicho kutoka mlangoni. Ilichukua muda mrefu sana. Aliyapita majina ya mashahidi, akaipita tarehe, na alipolifikia jina la Stamili alilipitia mara mbili, herufi baada ya herufi, ndipo akachukua kalamu akatia sahihi.